Mbwa Aliyefutwa kwa Majivu

Baba yangu, Mzee Keraryo, anafukuza nguruwe pori shambani kwetu Guta kwa bunduki ya marisau aliyorithi, ya kutoka ng'ambo, na kibali anacho. Springi ilipokatika, mimi na wazazi tukaipeleka bunduki kwa fundi mjini Musoma. Akauliza alama ya kiwanda, ajue springi ipi itaikaa. Alama gani! Mama alikuwaga anausugua mtutu kwa majivu kama sufuria zake. Unang'aa, lakini hauna kitu.

"Umeniharibia, Mama Gati!" Baba akafoka.

"Nilichokifuta nakijua," Mama akajibu. "Alikuwa mbwa amebeba bata mdomoni."

Fundi akacheka. "Mbwa huyo namfahamu." Akatoa springi kabatini, ikakaa palepale.

Siku hizi mgeni akiuliza ni bunduki gani, Baba anaita jikoni: "Mama Gati, njoo umwambie."