Mkasi Unalala kwa Nani

Nilirudi Burundi nikiwa mtu mzima, baada ya kukulia Tanzania, nikapata kazi ya kufundisha Kiingereza Muyinga. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwemo mama mmoja, fundi cherehani, aliyenizidi umri kwa mbali. Alitaka kazi ya kufundisha ushonaji katika kituo kimoja Gitega, na usaili ungekuwa wa Kiingereza.

Kilichomkwamisha ni "lend" na "borrow". Sisi tuna kuazima, neno moja, na linatutosha. Nikamweleza kwa mikono: mkono ukienda mbele ni "lend", ukirudi kifuani ni "borrow". Nilirudia wiki nzima.

"Mwalimu, mi sioni tofauti," akasema mwishowe. "Kutoa, mkono wa kuume mbele, wa kushoto unashika kiwiko. Kupokea, ivyo ivyo. Mikono iko sawa! Ama kule Tanzania mlikuwa mnarushiana vitu?"

Darasa zima likacheka, nami pia. Heshima hiyo mtoto wa huku huifahamu kabla hajajua kuhesabu, na mimi nilikuwa nimeisahau.

Nikaachana na mikono. Nikamuuliza kuhusu mkasi wake, ambao hakuna fundi mwenzake aliyewahi kuruhusiwa kuushika. "Tuseme umempa jirani autumie. Mwisho wa kazi unalala kwa nani?"

"Kwangu! Asiporudisha namfuata mpaka mlangoni."

"Hiyo ndiyo 'lend', mama."

Akadakia: "Na mi nikitumia wa jirani, unalala kwake. Iyo ni 'borrow'."

Nikaziandika sentensi zake ubaoni.

Siku ya usaili nilimsindikiza Gitega, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango uliokuwa wazi. Wakamuuliza: wanafunzi ni wengi, mikasi ni michache, utafanyaje? Akajibu polepole, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba atawaazima wa kwake, wao watauazima kwake, kila neno mahali pake, na kwamba jioni mkasi utalala nyumbani kwake. Wasaili wakacheka kwa furaha. Mimi nilitamani kusimama nipige makofi.

Alitoka akiwa amepata kazi. Akafungua mkoba, akautoa ule mkasi.

"Shika, mwalimu, ufundishie wenzangu darasani mpaka nihamie huku. Lakini unajua unalala wapi."

Nikaupokea kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukiwa kwenye kiwiko.