Mpaka Nywele Ziote

Advera Ngollo wa Igalula hajasomea mifugo, na ukimwita daktari anakasirika. Ni mkulima wa karanga na mahindi, mjane, mzee wa kanisa la Moravian. Punda anawajua tu. Kila Jumamosi asubuhi wenye punda humletea wanyama wao uani kwake, karibu na stesheni. Huanza na kwato: huinua mguu, hukwangua matope, hupiga tupa palipozidi. Kisha hufunua mdomo aone fizi, hutazama mavi, halafu hupitisha kiganja mgongoni taratibu, kutoka shingoni hadi mkiani. Punda akishtuka mahali, hapo pana jambo.

Mimi ni jirani yake, na nimeona mengi ya kuudhi uani hapo. Watu wa kwetu humsikiliza vizuri sana, huitikia, hushukuru, kisha huenda kumfunga punda kwenye mkokoteni uleule.

Kornel ndiye aliyekuwa bingwa wao. Ni Mgogo wa Bahi, alishuka hapa kwa treni miaka kumi iliyopita, anauza maji kwa mkokoteni. Mkanda ulimchubua punda wake begani mpaka pakatunga usaha. Advera alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akakipaka asali, akasema punda apumzike. Jumamosi iliyofuata kidonda kilikuwa kimekuwa kikubwa zaidi, na Kornel alikuwa na maelezo.

Advera hakubishana. Alimfunga punda kwenye nguzo yake na kutangaza kwamba amemteka. Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu babu zao walipokutana kwenye njia ya misafara, na mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa. Unacheka, basi. Kornel alicheka, ingawa si kwa furaha.

"Nitamchukua lini, mtani?"

"Nywele zikiota kwenye kidonda."

Zilichukua wiki saba. Siku zote hizo Kornel alivuta mkokoteni mwenyewe, na wateja walimuuliza kama kwato zake ziko salama.

Sasa huyohuyo Advera alikuwa na kidonda chake, juu kidogo ya kifundo cha mguu, alipojikata kwa jembe. Muuguzi wa zahanati alimwambia asisimame shambani, na aende kusafishwa kila baada ya siku moja, maana kikiachwa hivyo mguu unaweza kukatwa. Advera alisikiliza vizuri sana, akaitikia, akashukuru, akaenda kulima. Kidonda alikifunga kipande cha khanga. Nilimsihi, nikamgombeza, mwisho nikalia mbele yake kwa sababu niliogopa kweli. Aliniuliza kama punda wangu ameshapewa dawa ya minyoo.

Jumatatu moja Kornel akaja na mkokoteni. Punda alikuwa amenenepa, na begani nywele mpya nyeupe zimefunika kovu. Kornel aliingia uani bila hodi, akachukua jembe la Advera, akachukua na ndoo zake mbili za maji, akatangaza kwamba ameviteka. Kisha akatandika gunia kwenye mkokoteni na kusimama pembeni.

Advera alimtazama, akanitazama na mimi. Nilikuwa nimeshafunga mlango wake na ufunguo ninao. Kununa hakuruhusiwi. Alipanda.

"Jembe langu nitalipata lini?" aliuliza.

"Nywele zikiota, mtani."

Punda yule alimpeleka zahanati siku hiyo, na kila baada ya siku moja kwa wiki tisa. Mguu upo. Una kovu linalong'aa, na anatembea nao vizuri. Ndoo zilirudi. Jembe halijarudi, kwa kuwa kovu lile halioti nywele: kila akidai jembe lake, Kornel huinama, hukagua mguu kwa makini na kutikisa kichwa.

Msimu huu shamba la Advera amelilima Kornel, kwa jembe hilohilo. Matuta yamepinda vibaya, na Advera ameyaona, lakini hawezi kununa.