"Moyo wa Mkeo Haujatulia"

Saa tatu asubuhi, Morotonga, wilayani Serengeti. Scholastica Wangwe anainua nyundo, anapiga jiwe, linapasuka. Anapiga tena. Kisha anaweka nyundo chini na kukaa, mkono kifuani.

"Umelala, Mama Neema?" anauliza Kezia, anayeponda kokoto pembeni yake.

"Subiri moyo utulie."

Scholastica ana miaka arobaini na mitatu. Zamani siku nzuri alijaza ndoo ishirini za kokoto. Tangu mvua zilizopita, hata kumi ni shida.

Mwezi uliopita alikwenda zahanati. Muuguzi, kijana anayeitwa Vedasto, alimwacha akae kwanza kwenye benchi apumzike. Ndipo akamshika kifundo cha mkono huku akitazama saa. Mapigo ya moyo yalikuwa 112 kwa dakika. Mtu mzima aliyepumzika, anaeleza Vedasto, kwa kawaida huwa kati ya sitini na mia moja.

"Namba hiyo haisemi ni ugonjwa gani," anasema. "Inaweza kuwa upungufu wa damu, homa, tezi la shingo, au moyo wenyewe. Nilimwambia aende hospitali Mugumu wamchunguze."

Kilichomkwamisha ni neno moja. Mumewe, Ryoba, alimfuata zahanati kwa baiskeli. Alipofika mlangoni, muuguzi alikuwa bado amemshika mkono. Vedasto akamwambia kwa heshima: "Mzee, moyo wa mkeo haujatulia."

Mtaani, mwanamke asiyetulia ni yule mwenye mtu nje.

"Kijana amevaa saa, viatu vinang'aa, amemshika mke wangu mkono na wala haongei," anasimulia Ryoba. "Halafu ananiambia hajatulia. Wewe ungefikiri nini?"

Nyumbani hapakukalika. "Nikamwambia, Baba Neema, naumwa," anasema Scholastica. "Akasema, 'Unaumwa mapenzi. Huko Mugumu unakwenda kwa nani?'"

Kezia anacheka mpaka anashika mbavu. Scholastica hacheki.

Mwisho Ryoba aliamua kwamba kama matibabu ni kushikwa mkono, atashika yeye. Kila asubuhi, kabla mkewe hajatoka kitandani, alimbana kifundo cha mkono kwa dole gumba na kuhesabu akiangalia saa ya simu. Kila asubuhi alipata sitini na kitu.

"Alifurahi huyo!" anasema Scholastica. "Eti, 'Umeona? Ukishikwa na mwenye mke, unatulia.' Safari ya hospitali ikafa. Na mimi nachoka hata nikimenya mihogo."

Kezia ndiye aliyempelekea Vedasto habari. Jana muuguzi alikuja hapa kwenye mawe, akamkuta Ryoba amekuja kumchukua mkewe, akamwamkia shikamoo, akasimama mbali kidogo na Scholastica. Akamwomba Ryoba aonyeshe anavyohesabu.

"Mzee, dole gumba nalo lina mshipa unaopiga," alimwambia. "Siku zote hizi ulikuwa unahesabu moyo wako."

"Kwa hiyo aliyetulia ni mimi?"

"Wewe umetulia kabisa. Mama ndiye anayeumwa."

Vedasto alimwonyesha jinsi ya kuweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo, chini ya dole gumba la mkewe. Scholastica alikuwa amekaa muda mrefu bila kugusa nyundo. Ryoba akahesabu. Alifika mia moja na dakika ilikuwa bado haijaisha.

"Aliuachia mkono wangu kama umemuunguza," anasema Scholastica. "Tulipofika nyumbani ndipo akasema twende Mugumu."

Leo Ryoba amekuja mapema kumchukua mkewe akapumzike. Kesho alfajiri watakwenda Mugumu. Amekwisha kuomba pikipiki ya jirani, maana hataki mkewe ahangaike kwenye keria ya baiskeli.

Scholastica anataka kitu kimoja: kuambiwa ugonjwa wake una jina gani. "Nikishajua, nitatibiwa, nirudi kwenye mawe yangu."

Ryoba naye ana sharti. Atakayempima mkewe awe mwanamke.

"Na akiwa daktari mwanamume?" anamchokoza Kezia.

Ryoba anakunjua turubai juu ya rundo la kokoto ambalo halijafika nusu ya kawaida.

"Ampime," anasema. "Lakini mimi nitakaa humo humo ndani."

Scholastica anasimama taratibu, anajikung'uta vumbi la mawe. Jiwe alilolipasua asubuhi linabaki vipande viwili, bado makubwa mno kuitwa kokoto.