Tairi Tatu na Neno la Baba

Nyumbani kwetu Nkoma, Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wawili wasiokuwa na lugha nyingine ya pamoja. Baba alikuwa askari magereza kutoka kaskazini, mama alikuwa Mgisu wa hapa hapa Mbale, na walipooana kila mmoja aliiacha lugha yake mlangoni. Kiswahili cha baba kilikuwa cha gwaride. Simama. Nyamaza. Na zaidi ya yote, punguza. Punguza redio, punguza sukari, punguza mbio, punguza mdomo. Majirani walimwita Afande. Sisi watoto, akiwa mbali, tulimwita Punguza. Nilikichukia Kiswahili kile, sifichi, na nilipopata kazi Jinja niliondoka bila kugeuka nyuma.

Kazi yenyewe ni kuongoza wageni kwa baiskeli kando ya Nile na katika vijia vya mashamba ya miwa. Naipenda. Lakini mama alipofariki, baba alibaki peke yake na goti bovu, na kila nilipompigia simu aliniambia yuko sawa kwa sauti ya mtu asiye sawa. Bosi wangu, mama mmoja Msoga asiyependa maneno mengi, aliniona nimenyong'onyea. Akasema amekuwa akifikiria kufungua tawi Mbale. Nikimtafutia safari ya siku moja, kuanzia Busiu kwenye lami mpaka juu ya mlima Wanale, na baiskeli moja ikaiweza yote, tawi litakuwa langu nami nitarudi kukaa nyumbani. Ila hatanunua tairi za aina tatu kwa kila baiskeli. Nichague upana mmoja, na Jumamosi atakuja kuujaribu mwenyewe.

Basi nikarudi Mbale na baiskeli moja na jozi tatu za tairi. Mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilikuwa nimeshika matatu.

Jumatatu nilifunga nyembamba, ya inchi moja na nusu. Kutoka Busiu mpaka mjini niliteleza kama niliyesukumwa, nikawapungia mkono wauza ndizi wa barabarani kwa majivuno. Kisha lami ikaisha, mawe yakaanza, na meno yangu yakagongana mpaka nikashuka. Jumatano nikafunga pana, ya inchi mbili na nusu. Kwenye mawe ilikuwa tamu, nikaanza kupanga hata rangi ya mlango wa ofisi yangu. Lakini kwenye lami ilivuma na kunivuta nyuma, na mvua ilipopita, ule udongo mwekundu wa mlimani ulijaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nilibeba baiskeli begani huku wanawake waliotoka shambani wakiniuliza kama ni mgonjwa ninayempeleka hospitali. Alhamisi nikajaribu ya katikati, ya inchi mbili. Haikukwama popote, ila haikuwa nzuri popote. Kwenye lami ilikuwa si haba. Kwenye mawe ilirukaruka kama mbuzi, ikaniangusha mara mbili.

Kila jioni nilikaa uani nikibandua tairi kwa vijiko viwili vya mama, na baba alikaa kwenye kiti chake barazani, mguu mbovu juu ya kigoda, akinitazama. Mimi nikifanya kazi kwa hasira hupiga vitu na kutukana. Jumatano alisema, "Punguza." Nikanyamaza, nikaendelea kwa ukimya wa kinyongo. Alhamisi, goti langu likivuja damu, akasema tena, "Punguza." Nikaweka vijiko chini taratibu mno, ili aone jinsi nilivyopunguza, nikaenda kulala bila kula.

Ijumaa jioni nilikuwa nimekata tamaa. Bosi angefika asubuhi, na mimi nilikuwa na tairi ya inchi mbili ambayo haikumridhisha mtu. Nilikuwa nikiipiga pampu kwa nguvu zangu zote, kimya kabisa, pale baba aliposema tena neno lake. Nikamgeukia.

"Nimepunguza, baba. Sijasema hata neno moja."

"Mimi sisemi kelele," alisema. "Mimi nasema hewa. Hii tairi iko na hewa mingi."

Akashuka barazani ngazi moja moja, akashika ukuta, akaja kuinama juu ya gurudumu. Alieleza kwa ufupi, kama anayetoa ripoti. Zamani walikuwa wakipeleka posho kwa baiskeli kwenye shamba la wafungwa huko mlimani. Tairi zilikuwa za aina moja tu, nani angewapa mbili. Kwenye lami walijaza mpaka iwe ngumu. Walipofika kwenye mawe walitoa hewa mpaka kidole gumba kiingie kidogo, tairi ikalala na kuwa pana. Wakirudi barabarani, wanapiga pampu. Nilikuwa na aibu hata sikujua pa kuweka macho. Siku tatu nzima mzee alikuwa akinisaidia, nami nikadhani ananikemea.

Jumamosi bosi alikuja na baiskeli yake, nayo ya tairi za inchi mbili. Kutoka Busiu tulikwenda vizuri, tairi ngumu, tukipiga soga. Lami ilipoishia nikasimama na kumwambia apunguze. Akacheka, akaniuliza kama namkamata, maana kwao Kiswahili cha namna hiyo kilikuja na askari wenye bunduki. Nikamwonyesha kidole gumba. Tukatoa hewa, tukapanda. Tairi zilishika mawe, na kwenye udongo mwekundu fremu ilibaki na nafasi, gurudumu likazunguka. Mahali pawili tulisukuma kwa miguu, siwezi kudanganya. Lakini juu ya Wanale bosi aliketi kwenye jiwe, akatazama Mbale yote chini yake, akaniuliza pampu sita zinapatikana wapi.

Nilirudi nyumbani kwa furaha. Nikamwambia baba kila kitu kwa pumzi moja, kwamba kesho naenda Jinja kwa baiskeli hii kukusanya vitu vyangu, kwamba chumba changu cha zamani nakitaka, kwamba hatakula tena peke yake. Nilijua neno linalokuja, nikalisubiri.

Alikuwa amekwisha kuinama. Alibonyeza tairi kwa kidole, ya mbele, kisha ya nyuma, akachukua pampu akanipa.

"Ongeza," alisema. "Kesho ni lami."

Katika maisha yangu yote ndani ya nyumba ile sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Niliipiga pampu, naye akanishikia gurudumu.