Sukari ya Mdomoni

Shemeji yangu Heibatullah alikuwa dereva wa malori, na fahari yake ilikuwa mguu wa kushoto. Madereva wa Sirjan, mji wetu, walikuwa wakisema kwamba akikanyaga klachi, chai ya aliyekaa pembeni haimwagiki. Ujana wake wote aliumalizia kwenye njia ya Bandar Abbas, chupa ya chai pembeni, pakiti ya madonge ya sukari mfukoni. Usingizi ukimjia, donge moja shavuni, chai juu yake, safari inaendelea. Alipostaafu aliliegesha lori, lakini sukari hakuiegesha.

Alipopimwa akakutwa na kisukari, mkewe Turan, ambaye ni dada yangu, alianza kulificha bakuli la sukari. Leo liko kabatini, kesho limezikwa kwenye gunia la mchele. Mzee alilifukua kila mara, na mimi jirani nikawa naitwa kuamua ugomvi. Nilikuwa upande wa dada yangu, na mzee alikuwa ameanza kulegea. Nyayo za shemeji zilikwisha kufa ganzi. Aliwahi kushinda kutwa na msumari ndani ya kiatu asijue.

Ndipo hospitali ikaja na dodoso lake. Lilitungwa ng'ambo, la kuwauliza wagonjwa wanavyojitunza. Wasomi wetu walilifasiri kwa Kifarsi, wakalirudisha tena katika lugha yake ya asili kuona kama maana imepotea njiani, wakaliwekea kikao, wakaridhika. Kilichobaki ni kulijaribu kwa wagonjwa wenyewe. Kazi hiyo alipewa binti mmoja mpole, Mahnush, na siku ya zamu ya mzee nilimsindikiza.

"Haji, wiki iliyopita, ni siku ngapi ulitia sukari kwenye chai?"

"Hata moja, mwanangu. Chai ya kukorogewa sukari ni ya watoto."

Wala hakusema uongo. Kwetu mtu mzima gani anakoroga sukari kwenye bilauri? Donge hukaa mdomoni, chai hupita juu yake. Wasomi waliolifasiri swali hunywa hivyohivyo, na hakuna aliyeshtuka.

Mzee akapata alama za juu. "Laiti wote wangekuwa kama wewe, Haji," binti akamwambia. Maneno hayo ndiyo yaliyotumaliza. Wenye alama za chini walipelekwa kwa mtaalamu wa chakula. Yeye alirudi nyumbani kifua mbele.

"Turan, lete bakuli. Hospitali imenipasisha."

"Imekupasisha? Kwani walikuona ukinywa?"

"Wamesoma kuliko wewe, bibi."

"Haya, siku ukilala kitandani wakuuguze wao."

Lakini bakuli alileta. Alikuwa amechoka, maskini, na sasa hakuwa tena na hoja.

Baridi ilipoingia, mzee aliusogeza mguu wa kushoto karibu mno na hita, ukaungua asisikie kitu. Kidonda kidogo tu, akasema. Kikakataa kupona. Wakati huo hospitali ilitaka kuwauliza wagonjwa maswali yaleyale mara ya pili, kuona kama majibu yatalingana, na kwa kuwa mzee hakuweza kutembea, Mahnush akaja nyumbani.

Turan alimwandalia chai kama mgeni yeyote. Binti akachukua donge, akalitia shavuni, akanywa funda moja, akafungua karatasi zake.

"Haji, wiki iliyopita, ni siku ngapi ulitia sukari..."

Akamtazama mzee, naye shavu limemvimba kama lake. Akalitazama bakuli. Kisha akalitoa donge lake taratibu, akaliweka kwenye kisahani.

"Kwa siku unamaliza madonge mangapi?"

"Nani anahesabu, mwanangu?"

"Naomba niuone mguu."

Turan akafungua kitambaa. Harufu ikatangulia. Siku hiyohiyo tulimpeleka hospitali, nao wakaukata chini ya goti.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shemeji yangu, wakuu wa hospitali aliwasikia. Hakumsikia mkewe tu. Sisemi karatasi ndiyo iliyomkata. Ukaidi wake naujua. Lakini ukaidi ule ulikuwa unakaribia kushindwa, wao wakaupa cheti. Hilo linaniuma mpaka leo.

Majira ya maua Mahnush alirudi na dodoso lililorekebishwa. Nilitaka nimfungie mlango, Turan akanizuia. Chai ililetwa bila bakuli.

"Haji, wiki iliyopita, ni siku ngapi ulitumia sukari na chai, ndani ya bilauri au mdomoni?"

"Hata moja."

Safari hii ilikuwa kweli. Binti akageuza ukurasa, akaanza kusoma kabla macho yake hayajafika mwisho wa mstari.

"Ni siku ngapi uliikagua miguu yako..."

Kalamu ikasimama. Mzee aliiweka sawa blanketi mapajani, bila hasira.

"Wa kulia naukagua kila siku, mwanangu. Wa kushoto mnao nyinyi."