Ushuhuda Ambao Sikuumaliza

Presha ya macho haiumi. Hilo ndilo lililonipumbaza. Nilidhani najikwaa kwa sababu ya umri, kumbe nilikuwa sioni tena ya pembeni. Ya mbele yalikuwa wazi kabisa: uso wa mwanafunzi, chaki, ubao niliowaandikia wanakwaya noti zao. Lakini baiskeli, na mji wetu wa Tanga una baiskeli nyingi kuliko mbu, zilikuwa zikinitokea ubavuni ghafla kama zimedondoka mbinguni.

Daktari wa macho alinipima, kisha akasema, "Mwalimu, kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone haya ni ya kulinda kilichobaki." Nikayashika matone yale kama mtu aliyepewa mtoto wa kulea.

Asubuhi nilifundisha shule ya msingi, jioni nilifundisha kwaya ya kanisa letu la Kianglikana. Mimi ni Mbondei. Kwetu tulibatizwa kabla hatujajua kutembea, na imani yetu haikuwa ya makelele. Lakini mwaka ule alikuja mhubiri kutoka mbali, akafanya mkutano wa injili wenye vipaza sauti vilivyosikika mtaa mzima. Dada yangu mkubwa akaja kutoka Muheza, kapu la machungwa mkononi.

"Twende ukaombewe," aliniambia. "Utapungukiwa na nini?"

Nikaenda. Nilitaka kuona, na sioni aibu kusema hivyo.

Wahudumu walinipandisha jukwaani. Mhubiri akanifunika macho kwa viganja, akamkemea pepo wa upofu, akarudi hatua nyuma na kuinua vidole mbele ya uso wangu.

"Vingapi?"

"Viwili."

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, makofi, ngoma. Nikasogeza mdomo kwenye kipaza sauti nikasema, "Lakini hivyo hata jana ningeviona. Mimi shida yangu ni ya pembe..." Sikumaliza. Kipaza sauti kilikuwa kimeshaondolewa. Mhudumu akanishika kiwiko kunishusha, nikaikosa ngazi, nikaanguka kwa magoti. Watu wakadhani nimepiga magoti kumshukuru Mungu. Wakazidisha makofi.

Siku zilizofuata nilipongezwa kila nilikopita. Sokoni, kwenye duka la dawa nilikokwenda kununua matone yangu, watu walinishika mkono: "Bwana asifiwe, Mwalimu! Tumesikia!" Nilipoanza kueleza, nyuso zilibadilika. Mama mmoja alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu. Mwishowe nikaacha kueleza. Nikawa nasema "Amina" na kuondoka, na neno hilo lilikuwa chungu mdomoni kama mwarobaini.

Giza nalo halikusimama. Dunia ilizidi kubanwa, nikawa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, halafu tundu lenyewe likaanza kuingia ukungu. Nikaacha kazi ya shule. Dada yangu alipopata habari alikuja, akakataa hata chai.

"Uponyaji uliupata," alisema. "Ukaukana palepale jukwaani. Ulisema 'lakini' mbele za Mungu."

"Dada, nilisema kweli."

"Ungenyamaza ungekuwa unaona leo."

Akaondoka. Hajakanyaga tena kwangu.

Kanisani hawakunilaumu, ila waliniweka kando kwa upole, na upole wa namna hiyo unakata. Jumamosi moja nilikuwa njiani kwenda mazoezi, mke wangu akiniongoza, nikaisikia kwaya imeshaanza kuimba. Mwalimu mpya, kinanda chenye ngoma za kubonyeza. Hakuna aliyekuwa amekuja kuniambia. Tukasimama nje hadi wimbo ukaisha, kisha tukarudi nyumbani.

Nikaacha kwenda kanisani. Jumapili nilikaa kibarazani nikiwasikiliza wapita njia. Jirani yetu, Mdigo muuza vitumbua, Mwislamu wa swala tano, alinipa salamu kila asubuhi na kusema, "Pole, Mwalimu, mitihani hiyo," basi, hakuongeza. Siku moja nikamsikia anaburuta kiti uani. Nilipomuuliza anafanya nini akajibu kwamba anaipandisha juu kamba ya kuanikia nguo, isije ikanikaba shingo. Mahubiri niliyopewa mwaka ule yote nimeyasahau. Kamba ile naikumbuka.

Ilipofika Ijumaa Kuu mke wangu akaniambia, "Leo hakuna vinanda wala pongezi. Twende tu, mume wangu."

Kwetu siku hiyo waumini hupanga mstari kwenda kuubusu msalaba. Nilipofikiwa na zamu yangu nikapiga magoti, mara hii kwa kutaka. Mkono wangu ukapapasa mbao, ukafika kwenye miguu ya ile sanamu, ukakuta kichwa cha msumari. Nilikuwa nimepanga kumuuliza Mungu kwa nini. Badala yake nikawaza: na huyu naye walimpigia kelele ashuke waone, ndipo wamwamini. Umati ulitaka muujiza naye hakushuka. Alilia kwamba ameachwa, akafa na swali lake mdomoni. Nikalia pale hadi mke wangu akanigusa bega, kwa maana foleni ilikuwa imesimama.

Baada ya ibada nikamwambia Padri, "Nina hasira na Mungu."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Bado."

"Mwambie. Na uje umwambie hapa, usimwambie kibarazani peke yako."

Hakuniombea macho. Nilimshukuru kwa hilo.

Sasa naweza kujua dirisha liko wapi, zaidi ya hapo hakuna. Pasaka iliyopita nilimpigia simu dada yangu. Aliniuliza kama nimeshatubu. Nikamwambia heri ya sikukuu, nikakata. Bado inauma, na sidhani kama itaacha kuuma nikiwa hai. Ila kila Jumapili nipo kwenye benchi la nyuma. Tunapokiri imani tunafika mahali tunaposema tunatazamia ufufuo wa wafu. Zamani nilipapita mbio nikiwaza wimbo unaofuata. Siku hizi nasimama hapo. Kutazamia: mtu asiyeweza kutazama bado anaweza kutazamia, na ndani ya neno hilo ndimo ninamoishi. Simngoji mhubiri mwingine. Namngoja aliyetoka kaburini akiwa bado na makovu.

Kisha kwaya inaanza, waimbaji wa sauti ya kwanza wanashuka nusu toni kama kawaida yao, nami nauma meno hadi ubeti wa mwisho.