Uji wa mama mkwe na kidonge changu cha alfajiri

Asalaam alaykum admin, nanyi nyote mnaosoma hapa. Jina langu usilitaje, mawifi zangu nao wamo humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, nauza vitenge Kariakoo na tunaishi huku huku Msimbazi. Shule niliishia ya msingi, nikikosea kuandika mnisamehe.

Mwaka jana mwili ulianza kuwa mzito. Nanenepa wakati sili, nywele zinabaki kwenye kitana, na joto lote hili la Dar mimi nasikia baridi. Vipimo vikaonyesha tezi ya shingoni imelegea, haifanyi kazi yake. Nikapewa kidonge cha kila siku. Nimemeza miezi, hali ni ile ile. Juzi daktari akaniuliza, "Mama, unakimeza na nini?" Nikamwambia na uji. Nyumbani tukishaswali alfajiri, mama mkwe anamkabidhi kila mtu kikombe chake cha uji wa lishe, unga anausaga mwenyewe, soya nyingi na karanga. Daktari akasema kidonge kinataka maji matupu na tumbo tupu, nikae kama saa nzima ndipo nile, na soya ikae mbali nacho saa kadhaa maana inazuia dawa isiingie mwilini. Uji sijakatazwa, nikaunywe saa tano dukani.

Nilimweleza mume wangu taratibu. Yeye akaenda kumwambia mama yake kwa mkato, "Mama, daktari kasema uji wako ndio unamuumiza."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mimi namloga?"

Nikapiga magoti. "Hapana mama, ni soya tu na dawa, haviendi pamoja. Nitaubeba kwenye chupa ninywe dukani."

"Beba, ukaumwage mtaroni huko sokoni, nani atakuona? Soya hiyo hiyo nimemlea mumeo. Leo kwako imekuwa sumu."

Kwetu sisi, mke kukataa chakula cha mama mkwe ni kumwita mchawi hata kama hujafungua mdomo. Mama amefunga mabegi, anataka kurudi Mafia. Mawifi wamejaa sebuleni, nikipita wananiambia, "Shikamoo dokta." Na jana mume wangu kakata shauri: Ijumaa tukitoka kuswali ninywe kikombe mbele ya ukoo, nimuombe mama msamaha kwa kumzushia uchawi, na uji niendelee kuunywa kila alfajiri kama zamani. La sivyo anirudishe kwetu.

Ndugu zangu, mama huyu nampenda. Nilipojifungua kwa upasuaji ndiye aliyenikanda na kunifulia. Lakini nikirudia uji wa alfajiri dawa haitafanya kazi, na tayari kuna siku nasinzia mteja akiwa mbele yangu. Na huo msamaha ndio unanikaba zaidi. Neno uchawi halijatoka mdomoni mwangu. Nikiliombea radhi mbele ya watu nitakuwa nimekiri kwamba nililisema, na Mwenyezi Mungu anajua sikusema. Nikikataa, nyumba niliyoijenga tangu usichana inavunjika kwa kikombe cha uji.

Leo ni Jumatano. Nishaurini, nifanye nini?